Matoleo Mapya ya Git na Sentensi Zenye Pengo

Wasomaji wengi wa jarida hili wakisikia habari za matoleo mapya ya zana za kuundia programu za kompyuta, hudhani kuwa habari hizo zinaihusu idara nyingine. Maoni yetu ni tofauti. Kila toleo jipya la zana hizo huja na sentensi mpya: maonyo, maelekezo, maswali na taarifa za makosa. Sentensi hizo huandikwa kwanza kwa Kiingereza, kisha watu wa lugha mbalimbali huzitafsiri kwa kujitolea. Katika zana iitwayo Git, ambayo ndiyo tutakayoitolea mifano, wamo Wafaransa, Wavietinamu, Waindonesia, Wakatalani, hata Waaislandi, ambao hawafiki nusu milioni. Kiswahili hakimo. Katika makala haya tutaeleza zana hizo ni zipi, zinatafsiriwaje, na kwa nini upatanisho wa kisarufi, somo tunalolifundisha kila mwaka, ndio unaomkwamisha mfasiri wa Kiswahili kuliko uhaba wa istilahi.

Tuanze na zana zenyewe. Zana za mstari wa amri ni programu zisizo na picha wala vitufe vya kubofya. Mtumiaji hufungua dirisha tupu, huandika amri kwa maneno, na kompyuta humjibu kwa maneno. Mtu aliyezoea kipanya huziona kuwa ni za kizamani, lakini ndizo wanazozitumia waundaji wa programu duniani kote hadi leo. Kwa mtu wa lugha zina mvuto wake, kwani mazungumzo yote kati ya mtu na mashine ni maandishi matupu. Baadhi ya zilizo maarufu ni GCC, inayogeuza msimbo ulioandikwa na mtu uwe programu inayotekelezeka. Git, inayotunza kumbukumbu ya kila badiliko lililofanywa katika mafaili. Na gettext, inayoshughulikia tafsiri.

Zana hizi zote ni programu huru. Hapa Kiswahili kina bahati ambayo Kiingereza hakina. Waingereza wana neno moja tu kwa kitu kisicholipiwa na kwa kitu kisichofungwa, na Richard Stallman, aliyeanzisha mradi wa GNU mwaka 1983, amelazimika kueleza kwa miaka mingi kwamba anazungumzia uhuru na si bei. Sisi tunasema bure na huru, na hakuna anayechanganyikiwa.

Matoleo hutoka kwa mpangilio unaojulikana. GCC hutoa toleo kubwa mara moja kwa mwaka, kwa kawaida mwezi wa Aprili au Mei. Toleo la 14 lilitoka Mei 2024 na la 15 Aprili 2025. Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds Aprili 2005 na kusimamiwa na Junio Hamano tangu Julai mwaka huohuo, hutoa toleo jipya kila baada ya miezi miwili au mitatu. Kwa miaka yake ya mwanzo Git ilisema Kiingereza tu. Ilikuwa ni toleo la 1.7.9, Januari 2012, lililofungua mlango wa lugha nyingine kwa kutumia gettext. Leo sentensi zinazosubiri kutafsiriwa ndani ya Git ni zaidi ya 5,000, na kila toleo huongeza nyingine, hufuta baadhi, na hubadilisha maneno ya zilizobaki.

Tafsiri yenyewe hufanyika hivi. Zana iitwayo xgettext hupita katika msimbo wote na kukusanya sentensi zinazomlenga mtumiaji, kisha huziandika katika faili moja la kiolezo. Mfasiri huchukua kiolezo hicho na kuunda faili la lugha yake, ambalo kwa Kiswahili huitwa sw.po. Ndani yake kila sentensi ya Kiingereza hufuatwa na nafasi ya tafsiri. Faili hili ni maandishi ya kawaida. Unaweza kulifungua kwa programu yoyote ya kuandikia. Kazi ikiisha, zana ya msgfmt huligeuza liwe katika umbo linalosomwa na kompyuta. Toleo jipya likitoka, msgmerge hulinganisha kiolezo kipya na faili lako la zamani. Sentensi zilizobaki kama zilivyokuwa huhifadhi tafsiri zake. Sentensi mpya huachwa wazi. Sentensi zilizobadilika kidogo hupewa tafsiri ya zamani kwa kubahatisha, na huwekewa alama ya shaka, ili mfasiri azipitie mwenyewe.

Alama hiyo ya shaka ndiyo inayostahili kuangaliwa sana. Isipoondolewa na binadamu, msgfmt huiruka tafsiri hiyo, na mtumiaji huona Kiingereza. Kwa hiyo tafsiri iliyokamilika mwaka huu haibaki kamilifu. Isiposhughulikiwa kwa matoleo matatu au manne, programu huanza kusema nusu Kiswahili, nusu Kiingereza, kama vijana wa mjini wanapochanganya ndimi, ila bila ule ustadi wao.

Hali hii imekwisha kutokea Afrika Mashariki. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi wa Kilinux, ukishirikiana na kampuni ya Kiswidi ya IT+46, ulitafsiri programu huru ya ofisi ya OpenOffice. Tafsiri hiyo, iliyoitwa Jambo OpenOffice, ilitolewa mwaka 2004, na ilikuwa kazi ya kujivunia, kwa sababu wataalamu wa kompyuta na wataalamu wa Kiswahili walikaa meza moja kuchagua istilahi. Lakini ilijengwa juu ya matoleo ya 1.1. Oktoba 2005 likatoka toleo la 2.0, lenye sura mpya na hata programu nzima ya hifadhidata, Base, ambayo haikuwamo hapo awali. Mwaka 2010 waundaji wengi wakaiacha OpenOffice na kuanzisha LibreOffice. Mradi wa tafsiri unaofadhiliwa huwa na mwanzo na mwisho. Matoleo hayana mwisho. Kwa maoni yetu kazi ya namna hii inafaa zaidi kukaa katika idara ya lugha kuliko katika mradi, kwa kuwa kila mwaka idara hupata wanafunzi wapya wanaohitaji mazoezi ya tafsiri.

Mfano mmoja unaonyesha jinsi toleo jipya linavyoigusa lugha. Hadi mwaka 2019, Git ilikuwa na amri moja, git checkout, iliyofanya kazi mbili zisizofanana: kuhamia tawi jingine la kazi, na kurudisha faili katika hali yake ya awali. Wanafunzi wengi wa kompyuta wamepoteza kazi zao kwa kutaka ile ya kwanza na kupata ile ya pili. Toleo la 2.23, Agosti 2019, lilileta amri mbili mpya, git switch na git restore, ili kila kazi iwe na jina lake. Amri hizi zenyewe hazitafsiriwi. Zinabaki kama zilivyo katika kila lugha. Kinachotafsiriwa ni maelezo yanayozizunguka, nayo yalibadilika. Mahali ambapo Git ilimwelekeza mtumiaji atumie checkout kuyatupa mabadiliko, sasa inamwelekeza atumie restore. Neno moja tu limebadilishwa katika sentensi, na tafsiri ya lugha kadhaa ikapata alama ya shaka. Inafurahisha kwamba mfasiri wa Kiswahili asingeweza kuifuata ile amri ya zamani kwa kitenzi kimoja hata angetaka. Kuhamia tawi na kurudisha faili ni vitenzi viwili kwetu tangu mwanzo.

Sasa tuingie katika sarufi. Sentensi za programu haziandikwi nzima. Huachwa na mapengo, ambayo kompyuta huyajaza wakati wa kufanya kazi. Pengo la maneno huandikwa %s, na pengo la namba %d. Mwandishi wa Kiingereza huandika sentensi fupi ya kusema kwamba %s haikupatikana, na sentensi hiyo humtosha kwa kila kitu, kwa kuwa kitenzi chake hakijali nomino. Sisi tumekwisha kukwama. Tawi halikupatikana. Lebo haikupatikana. Kiungo hakikupatikana. Ufunguo haukupatikana. Mtumiaji hakupatikana. Mfasiri hajui pengo litajazwa na nini, na wakati mwingine hata aliyeiandika programu hajui. Faili lenyewe, ambalo ndilo hujaza mapengo mengi, wengine huliweka katika ngeli ya LI-YA na wengine katika I-ZI.

Wanafunzi wetu wachache wanaokaa Kajaga, ambao wameanza kujaribu sehemu ya kwanza ya sw.po kama zoezi, walileta majibu manne, na tunayaeleza hapa kwa kuwa yanafaa kujadiliwa darasani.

La kwanza ni kuutumia upatanisho wa I- kwa kila kitu. Katika Kiswahili kinachosikika mitaani Bujumbura, kama kule ng'ambo ya mpaka, Uvira, I- imekwisha kuzimeza ngeli nyingine za vitu visivyo na uhai, na hakuna anayeshindwa kuelewa. Kwa mtumiaji wa hapa jibu hili ni la kawaida kabisa. Kwa msomaji wa Unguja au Tanga ni kosa la darasa la tatu, na programu inayokosea sarufi haiaminiki.

La pili ni kutanguliza nomino ya jumla: kitu '%s' hakikupatikana. Sarufi imetimia, kwa kuwa kitenzi kinapatana na kitu na si na pengo. Lakini ukiisoma mara ishirini kwa siku huanza kuchosha, na pale pengo linapojazwa na jina la mtu, sentensi huwa tusi.

La tatu ni kuukimbia upatanisho kwa kutumia hakuna: hakuna '%s'. Ni fupi, ni Kiswahili kizuri, na hakuna ngeli ya kubahatisha. Tatizo lake ni la maana. Kusema hakuna ni kudai kuwa kitu hakipo, na pengine kipo ila kompyuta haikuruhusiwa kukiona. Git hutofautisha mambo hayo mawili, na mtu anayetafuta chanzo cha kosa huihitaji tofauti hiyo.

La nne ni kukiweka kitenzi kikuu katika hali isiyotaja mtenda, kisha kuleta kitenzi-jina: imeshindikana kupata '%s', imeshindikana kufuta '%s', imeshindikana kusoma '%s'. Hapa i- ya imeshindikana haipatani na pengo hata kidogo. Inasimamia hali nzima. Pengo linakuwa yambwa, na yambwa katika Kiswahili haidai kiambishi kila mara. Hili ndilo tunaloliona bora kwa taarifa za makosa, na hakuna yatumike pale tu ambapo programu ina hakika kuwa kitu hakipo. Ni vema mwalimu akatambua kwamba mjadala huu mmoja umegusa ngeli, kiima, yambwa, kauli za vitenzi na lahaja, bila ya kitabu chochote kufunguliwa.

Idadi nayo ina mambo yake. Gettext huitaka kila lugha itangaze ina maumbo mangapi ya wingi na yatumike lini. Kiarabu hutangaza sita. Kiswahili hutangaza mawili, kwa mstari huu ulio juu ya faili:

Plural-Forms: nplurals=2; plural=(n != 1);

Maana yake ni kwamba umoja ni kwa 1 peke yake, na namba nyingine yoyote ni wingi. Kwa hiyo faili 1 limebadilika, mafaili 5 yamebadilika. Kifaransa nacho kina mawili, lakini sifuri kwao huhesabiwa kuwa umoja, na mwanafunzi aliyepitia shule zetu hapa, ambazo hesabu hufundishwa kwa Kifaransa, huenda akaufuata mkondo huo bila kujua. Kwa kweli Mswahili hasemi faili 0 limebadilika wala mafaili 0 yamebadilika. Husema hakuna faili lililobadilika. Mstari huo wa maumbo mawili hauna nafasi ya umbo hilo isipokuwa mwenye programu atenge sentensi yake, na mfasiri anaweza kumwandikia amwombe. Maombi ya namna hiyo hutoka kwa watafsiri wa lugha nyingi na mara nyingine hukubaliwa.

Tukija kwenye istilahi, tofauti ya Burundi na majirani hujitokeza waziwazi. Neno branch halikutusumbua: tawi humfaa aliyejifunza kompyuta kwa Kiingereza na aliyejifunza kwa Kifaransa, kwani lugha zote mbili zimechukua picha ileile ya mti. Shida ilikuwa commit, yaani kuliweka badiliko rasmi katika kumbukumbu ya Git. Hifadhi imekwisha kuchukuliwa na kitendo cha kawaida cha kuhifadhi faili. Thibitisha imechukuliwa na kile kitufe cha kukubali. Ikapendekezwa sajili, nayo inavutia, kwa kuwa Git kweli hufanya kazi kama daftari la msajili. Lakini mtu aliyekulia na kompyuta ya Kifaransa amezoea kuona enregistrer kila anapohifadhi barua, na enregistrer ndiyo hiyo kusajili. Ukimwambia asajili, atahifadhi faili, atafunga kompyuta, na Git haitakuwa na habari. Neno lililo wazi Dar es Salaam na Nairobi lingemdanganya mtu wa Bujumbura, Goma na Lubumbashi.

Kwa sababu hiyo tumeona kuwa hapa neno la kukopa ndilo salama: komiti, kukomiti, komiti tatu. Vijana wa pande zote mbili hulitumia tayari. Najua wapo watakaosema linafanana mno na komite, ile ya wajumbe na viti. Wana haki ya kusema, ila hatujamwona mtu aliyekwenda kutafuta wajumbe ndani ya Git. Kuna ujumbe mwingine maarufu wa Git unaomwarifu mtumiaji kuwa kichwa kimetenganishwa na kiwiliwili, au hivyo ndivyo ungesomeka ukitafsiriwa neno kwa neno. Kinachomaanishwa ni kwamba hauko juu ya tawi lolote. Mfasiri aandike hivyo, asimtishe mtu.

Tumetaja Kajaga, na inafaa kueleza kwa nini zana hizi zinafaa huko. Kajaga iko magharibi ya mji, kwenye barabara ya Gatumba, kati ya Ziwa Tanganyika na uwanda wa Rusizi. Mwanafunzi anayekaa huko hununua mega kwa fedha zake, na umeme hukatika. Programu nyingi za kisasa za tafsiri hufanya kazi mtandaoni tu, na mtandao ukikatika kazi husimama. Git na gettext hazihitaji mtandao ila wakati wa kupokea na kutuma. Mtu anaweza kuchukua nakala ya karibuni tu bila historia yote ya miaka ishirini, kwa kuongeza --depth 1 katika amri ya git clone. Lakini akichukua nakala yenye historia yote, wenzake wanne hawana haja ya kupakua tena. Amri hii huikusanya hazina nzima katika faili moja linalobebwa kwa flashi:

git bundle create kiswahili.bundle --all

Anayelipokea hufungua nakala kamili, pamoja na majina ya waliotafsiri kila sentensi na tarehe. Kamili ndilo neno lenyewe, kwa kuwa katika Git hakuna nakala kuu ambayo ikipotea zote zimepotea. Wakazi wa Kajaga hawahitaji kuelezwa faida yake. Ziwa lilipopanda mwaka 2021, na tena mwaka 2024, maji yaliingia majumbani huko na Gatumba, na watu walihama na walichoweza kubeba. Kompyuta moja ikilowa, kazi ya wote imo katika nyingine nne.

Anayetaka kuanza, na ana kompyuta ya Linux ya aina ya Debian au Ubuntu, zana zote mbili huzipata kwa amri moja ya sudo apt install git gettext. Mpangilio wa Kiswahili auchague kuwa sw_TZ au sw_KE. Wa Kiswahili cha Burundi haumo katika orodha, jambo ambalo nalo lina kazi yake kwa siku nyingine. Asianze na sentensi 5,000. Mradi wa Git umetenga orodha ndogo ya sentensi za msingi kwa ajili ya lugha zinazoanza, mamia machache tu, nazo ndizo mtumiaji huziona kila siku.

Kabla ya kuleta kazi yake kwa mwalimu, kila mwanafunzi aipitishe kwanza hapa:

msgfmt --check --statistics sw.po

Zana hii haijui Kiswahili, lakini itamwambia kama amesahau pengo, kama ameandika %d palipotakiwa %s, na ni sentensi ngapi zimetafsiriwa, ngapi zina shaka, na ngapi bado. Namba hizo tatu ziandikwe juu ya karatasi ya zoezi pamoja na namba ya toleo la Git lililotumika. Makosa ya ngeli tutayasahihisha wenyewe kwa kalamu.